Makapi ya Njia Panda

Asubuhi Mzee Rao Changgeng alikutwa kitandani amekufa, mdomo umekakamaa, bakuli la dawa tupu kando yake. Daktari alisema ni sumu ya fuzi, mzizi ambao watu huulowesha kwenye pombe ya kuchulia magoti. Tena kinywa cha marehemu kilinuka pombe. Kufikia saa nne Mama Xi, muuza dawa za miti shamba aliyempa mzee uyoga wa lingzhi kwa ajili ya kifua, alikuwa na pingu mikononi.

Aliyemshtaki ni Rao Bin, mtoto wa mdogo wake marehemu na katibu wa ofisi ya kijiji. Alimpeleka Sajini Kuai njia panda, akamwonyesha makapi ya dawa yaliyomwagwa pale ili wapita njia wayakanyage na kuondoka na ugonjwa. Kati ya vipande vya lingzhi vilikuwamo vya fuzi.

"Niliichemsha mwenyewe, Afande, mara mbili, mpaka maji yakabaki nusu," Rao Bin alisema. "Makapi nikayamwaga kwa mkono wangu. Huyu mama kamuua baba yangu mkubwa."

Mama Xi alijibu kwamba lingzhi alitoa, fuzi hakutoa. Mkuu wa kituo, ambaye tope la kijiji kile hajawahi kulikanyaga, alipiga simu: mwanamke apelekwe mjini kabla ya chakula cha mchana, faili lifungwe. Na Kuai alijua, mnyonge akishafikishwa kule harudi.

Akaokota vipande vya lingzhi, akaviosha, akaomba chungu na moto jikoni kwa Mama Xi. Rao Bin akacheka.

"Kumbe Afande naye anaumwa kifua?"

"Kaa hapo, Katibu. Tungoje."

Wakangoja. Maji yakageuka hudhurungi, kisha yakawa meusi. Kuai akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Mke wangu nilimchemshia hii mpaka wiki niliyomzika. Ikishapikwa mara mbili, mara ya tatu maji hutoka meupe, hata uchungu hayana. Haya makapi hayajaona moto. Umeyalowesha tu, ukayamwaga tuyaokote."

"Sasa baba mkubwa kauawa na nini?"

"Chupa ya kuchulia magoti nimeiona rafuni kwake, imebaki robo. Fuzi ikichemka sana sumu hupungua, nawe ulilijua hilo. Ukamtilia pombe ile bakulini, uchungu wa lingzhi ukaificha. Makapi ya kweli hayakuwa na fuzi, ndipo ukatengeneza mengine ya kumtwisha mama wa watu."

Rao Bin akatazama mlangoni. Majirani walikuwa wameujaza.

"Mlima wa baba mkubwa nilishaahidi kuwauzia watu wa kampuni," alisema polepole. "Yeye kila siku hapana. Na angekufa tu, Afande. Mapafu yalishakwisha."

"Ndivyo mlivyo wakubwa. Hata kwa kifo cha mgonjwa mnaruka foleni."

Kituo kizima kilikuwa na pingu moja. Kuai akamfungua Mama Xi kwanza.