Madoa na Yai la Duka

Mwaka wa 1994, nikiwa darasa la sita, kila asubuhi nilimfungulia kuku wangu Madoa na kuokota yai lake kabla ya kwenda shule. Kisha siku moja akaanza kuatamia. Jogoo tulikuwa tumemchinja Krismasi, kwa hivyo hata angeatamia mwaka mzima, hakuna kifaranga ambaye angetoka. Kukhu, bibi yangu, alimchovya kwenye maji baridi mara mbili ili aache. Wapi! Alirudi kiotani akiwa amelowa.

"Ayuma, kuku asiyetaga ni wa sufuria," Kukhu akasema. "Wageni wanakuja Jumapili ya tatu kutoka leo. Watamla."

Mimi nikishika jambo, siliachi. Nilimwendea shangazi Roda, afisa wa mifugo kule Malava. Alinieleza kwamba Madoa si mvivu. Homoni ya kuatamia imejaa katika damu yake na kuzuia kutaga, na kila mara tumbo lake linapoguswa na joto la kiota, homoni hiyo inazidi. Akanionyesha mifupa miwili iliyo chini ya mkia. Kuku akiatamia, kidole kimoja tu ndicho kinaingia katikati. Akikaribia kutaga, vinaingia vitatu.

Nilitengeneza kizimba cha fito, nikakitundika ili upepo upite chini na kulipoza tumbo lake. Madoa alikaa humo siku nne, akila na kunywa vizuri, na alipotoka hakukitafuta kiota tena. Lakini siku zilipita bila yai, na Jumamosi, siku moja kabla ya wageni kuja, hofu ikaniingia. Nilinunua dukani yai la kuku wa gredi, wale wa kisasa, nikaliweka kiotani.

Kukhu alilitazama, kisha akanitazama mimi. Lilikuwa kubwa, la kahawia. Madoa hutaga madogo, meupe. Nilishikwa na aibu.

"Kukhu, nimekudanganya. Hilo ni la duka. Lakini tafadhali, mpime mwenyewe kwa vidole."

Nikamwonyesha mahali. Kukhu alimshika Madoa, akapima. Kimoja. Viwili. Vitatu. Akamwachilia, akanituma kwa jirani nikaombe kuku mwingine wa wageni.

Jumanne Madoa alitaga. Kukhu aliniwekea yai mkononi, bado lina joto.

"Umefanya kazi majuma mawili," akasema, "halafu ukataka kuiharibu kwa yai moja la uongo. Usingesema kweli, nisingekusikiliza, na Madoa angekuwa ameshaliwa. Kazi ukiifanya vizuri, ingoje. Usiisaidie kwa uongo."