Mkalimani Feki wa Dokta Ulimboka

"Mwekeni mbele apigwe picha. Hasikii huyo, hatajua kitu!"

Maneno hayo niliyasoma kwenye midomo ya Dokta Ulimboka, mhadhiri wangu. Kisha akanigeukia... akatabasamu!

Naitwa Mwanahawa, wa Kondoa, nasoma chuo hapa Dodoma. Masikio yalikufa nikiwa darasa la sita, baada ya homa ya uti wa mgongo. Kuongea naongea, na lugha ya alama naijua. Na midomo naisoma kama nyie mnavyosoma meseji.

Huyu mtu alijitangaza kila kona kuwa katengeneza "kozi jumuishi". Eti video zina maandishi chini. Eti notsi zinatoka kabla ya kipindi.

Jumuishi kitu gani! Jamaa anafundisha kaangalia ubao, mimi nasomeshwa kisogo!

Nilimfuata ofisini.

"Shikamoo Dokta. Naomba notsi, na ukifundisha utuangalie."

"Binti, hapa ni chuo, si wodi."

Basi, wafadhili wa kozi wakaja kukagua. Ndipo Dokta akasema yale maneno, nikaketishwa mbele kama ua la mezani. Mara namwona Aneth, mwanafunzi mwenzangu na rafiki ninayeishi naye chumba kimoja Nzuguni, anapanda jukwaani.

"Huyu ndiye mkalimani wetu wa lugha ya alama," Ulimboka akatangaza.

Heee! Aneth?! Asiyejua hata ishara ya maji?

Akaanza kurusha mikono... anapepea, anakoroga, anafinyanga hewa. Nikamkazia macho. Akayakwepa.

Baadaye nilijua Dokta alimwahidi alama za bure kwenye mtihani wa kozi. Jamani, nimeuzwa kwa alama!

Kiongozi wa wageni, Mama Generosa, alikuwa akiitazama mikono ya Aneth. Ghafla akainua mikono yake. Kwa ishara safi kabisa akaniuliza:

"Huyu dada anasema nini?"

Kumbe mwanawe wa kwanza ni kiziwi.

Nikamjibu kwa ishara, kisha kwa sauti, ukumbi wote usikie:

"Hasemi kitu, Mama. Anafukuza nzi."

Nikaongeza:

"Na Dokta kasema niwekwe mbele nipigwe picha, kwa sababu sisikii."

Ulimboka jasho likamtoka. "Mama, huyu binti ana... changamoto kidogo..."

"Changamoto ninayoiona mimi imevaa tai," Mama Generosa akamkata.

Kozi akanyang'anywa. Ikatengenezwa upya, safari hii mimi na Bashiri, mwenzetu mwenye uoni hafifu, tukikaa meza moja na wahadhiri. Maandishi yakawekwa kwenye video. Notsi zikaanza kutoka mapema.

Na mnajua nani wanazigombania?

Wanaosikia! Kumbe nao walikuwa wanatoka darasani kapa, bila kuelewa kitu, wanaona aibu kusema. Wa kwanza kuzipakua kila wiki ni Aneth, huku anajifanya hanioni. Sijamsamehe, na sina haraka.

Wewe mwalimu unayejisifu una kozi ya watu wote, uliwahi kukaa na hao watu ukawauliza wanasomaje? Kama hujawauliza, una tangazo tu. Libandike ukutani, halafu utupishe tusome.