Mlinzi wa Mafaili

Kila jioni baada ya shule, Shruti alifanyia kazi yake ya nyumbani katika kliniki ya mama yake, Daktari Vidya, mtaa wa Bondeni. Alikaa kando ya seva, ile kompyuta iliyohifadhi mafaili ya wagonjwa wote.

Jumamosi moja mwaka wa 2007, mjomba wake Sandeep alikuja kuiwekea seva mlinzi: programu ya kutambua faili likichezewa.

"Na ni ya bure, Mjomba? Vya bure si huwa vibovu?"

"Bure si mbovu, ila usiokote ovyo," Sandeep alicheka. "Nimejaribu tatu. Moja iliielemea mashine hii kuukuu. Nyingine, walioitengeneza waliitupa zamani. Hii ni nyepesi, ina watu wanaoitunza, na yeyote anaweza kukagua ilivyoundwa. Inachukua alama ya kila faili, kama alama ya kidole. Herufi moja ikibadilika, inapiga kelele. Lakini lazima mafaili yawe sawa leo, maana yaliyomo leo ndiyo itakayoyachukua kuwa sahihi. Kuna mtu ameyagusa?"

Shruti akakumbuka jambo. Jana yake, kwa udaku tu, alikuwa amefungua faili la Kimutai, mwanafunzi mwenzake. Kidole kiliteleza, mstari mmoja ukafutika: Asipewe penisilini, itamdhuru. Kwa kiherehere alibonyeza kuhifadhi, akatoroka.

"Hakuna," alijibu, macho sakafuni.

Jumatatu, baada ya shule, Kimutai aliletwa na nyanya yake akichechemea, kidonda kimevimba mguuni. Muuguzi, Sista Cheptanui, alitazama kompyuta.

"Gogo," alimuuliza yule nyanya, "kuna dawa inayomkataa huyu?"

"Mama yake ndiye anajua, na amesafiri. Kwani mashine yenu haijui?"

"Inajua. Mlinzi anasema hakuna kilichobadilika." Akavuta dawa kwenye sindano.

"Ni gani hiyo, Sista?" Kimutai aliuliza.

"Penisilini. Mwanaume mzima unaogopa?"

Kando ya seva, Shruti aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake. Sindano ikashuka kuelekea paja.

"Sista, acha! Itamuua! Ni mimi nilifuta!"

Mkono wa Sista ukasimama hewani. Nyanya akajishika kichwa. Daktari Vidya alitoka mbio, akamkodolea binti yake macho kana kwamba hamjui. Kimutai akasema polepole, "Kwani ulisoma faili langu?"

Swali hilo lilimchoma Shruti kuliko kiboko. "Nilisoma. Nisamehe, Kimutai."

Kimutai alipewa dawa nyingine. Usiku huo Sandeep alirudisha faili kutoka nakala ya zamani, akachukua alama upya.

"Kumbe mlinzi wako si kitu," Sista alimtania.

"Hakukosea, Sista. Alionyeshwa uongo, akaulinda uongo kwa uaminifu wote."

Daktari Vidya alimvuta Shruti karibu. "Programu nzuri tumeipata bure, mwanangu. Ukweli wako pia ulikuwa wa bure, na kwa kuukosa nusura tumzike mtoto wa watu. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kesho utasomea pale kwenye benchi la wagonjwa, mbali na seva."

Shruti akachukua vitabu vyake, akahamia kwenye benchi bila kungoja kesho.