Kinyonga Chumbani mwa Ngalula

Mwenye mimba asikilize hii akiwa ameketi, na aliyeolewa na mjane aangalie vizuri kile bwana anachoingiza nyumbani.

Siku Floribert alipoleta kinyonga mu lupango, nyumbani kwake Kamalondo, alipita mbele ya bibi yake, Ngalula, bila kumuamkia. Alikuwa amekumbatia kasha la waya kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa, akaingia nalo moja kwa moja chumbani. Si salon, si veranda. Chumbani, upande wa kitanda anaolalia Ngalula.

"Baba, mambo gani hii?" Ngalula aliuliza mlangoni, mkono juu ya tumbo lililoanza kuonekana.

"Kinyonga. Bazungu banafuga, njo na miye nafuga."

"Bazungu banafuga na mbwa. Juu ya nini haukuleta mbwa?"

Floribert hakucheka. Na huyu ni mwanaume anayecheka hata kwenye matanga.

Alikata matawi ya mpera, akayafunga yakapishana ndani ya kasha ili mnyama apate pa kupanda. Juu akaning'iniza taa ndogo ya kumpa joto. Kisha akamfundisha bibi yake: kinyonga hanywi maji ya sahani, analamba matone kwenye majani, kwa hiyo kila asubuhi umnyunyizie na ile chupa ya kupulizia nguo za pasi. Panzi wawe wazima, wa kuruka. Usimshikeshike. Usimpigie kelele.

"Na kama miye niko ku kazi, weye njo utamulisha. Usisahau hata siku moja. Unasikia? Akikufwa, tunakwisha."

Tunakwisha! Juu ya kijinyama kisichojaa hata mkono? Ngalula akaanza kuunganisha mambo kichwani. Alijua wanavyosemwa mtaani. Floribert alikuwa amefiwa na bibi yake wa kwanza, Léa, Mubemba wa Kasenga, muuza karanga, mwanamke wa sauti kubwa. Matanga hayajapoa vizuri, bwana akamuoa Ngalula, binti wa Kasai. Mimba ya kwanza ya Ngalula ilitoka yenyewe, bila homa, bila kuanguka. Hii ilikuwa ya pili.

Mchana mmoja akamsikia bwana yake ananong'ona chumbani: "Umekula, mupenzi? Usikasirike, nakuomba."

Ahaa, simu. Ana mwanamke! Ngalula akavua sapato ili asisikike, akasukuma mlango. Simu ya Floribert ilikuwa mkononi mwa Ngalula mwenyewe. Alikuwa amesahau kwamba ameichukua ampigie dada yake. Bwana alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha.

"Unaongea na nani?"

"Naomba Mungu."

"Mungu njo unamuita mupenzi?"

Floribert akatoka nje, uso chini, akaenda zamu yake ya mgodini.

Basi kazi ya kulisha ikabaki kwa Ngalula. Alikuwa anakamata panzi kwenye majani ya kando ya mto Naviundu, anawaleta ndani ya kopo, anawaachilia mmoja mmoja. Ulimi unatoka, pa! Halafu mnyama anatafuna. Na hapo ndipo Ngalula akatega sikio, maana ile sauti haikuwa ya panzi. Tra. Tra. Ilikuwa sauti ya mtu anayebangua karanga, bila haraka, akitupa maganda chini. Halafu ikaja harufu ya karanga za kukaanga, wakati makaa ya jikoni hayajawashwa, ikamfuata kwenye veranda, ikaingia kwenye nywele zake, kwenye shuka, kwenye bukari, ugali aliokuwa anausonga, mpaka akashindwa kula, akakaa tu akiangalia mlango wa chumba, akisikia tra, tra, na huku panzi wote wako bado ndani ya kopo, wanarukaruka, hakuna hata mmoja aliyeliwa.

Akamuita jirani, Maman Germaine, mwanamke ambaye hakuna maiti ya mtaa huo asiyoiosha. Germaine aliingia akicheka: "Onyesha nione huyu mbanda, muke mwenzako wa mukia!"

Kicheko kilikatika. Kinyonga, aliyekuwa kijani kama jani asubuhi, alikuwa mwekundu wa damu ya zamani, na vidoa vya njano vimejipanga mgongoni.

"Ngalula," alisema polepole, "ile rangi naijua. Njo kikwembe, kile kitenge tulimufungia Léa mu sanduku. Nilimuvalisha na mikono yangu."

"Mama, usinitishe."

"Bwana yako, bantu ya Léa balikuya kumutosha mufu?"

Kutosha mufu, kumtoa marehemu, kila mtu wa kule anaijua. Bibi akifa, kivuli chake kinabaki mwilini mwa bwana, mpaka ndugu za marehemu waje wamuondoe. Bila hiyo, asiguse mwanamke. Floribert, mbele ya padri, aliapa kwamba mambo hayo yalikwisha kufanyika.

Aliporudi, Ngalula alimngojea na kisu cha mboga mkononi, lakini hakuwa na haja nacho. Bwana alianza kulia mwenyewe.

"Balikuwa mbali, na miye nilikutaka mbio," alisema. "Mimba ya kwanza ilipotoka, nganga mumoja akaniambia mufu banaweza kumuhamisha. Bamutie mu kinyama yenye kutembea polepole, asifike kwetu haraka."

"Na weye ukamuleta pembeni ya kichwa yangu! Na miye njo namulisha!"

"Alisema akae karibu. Akiona tumemutupa, atakasirika."

Wakamuita shangazi ya Léa, Mama Chama, kutoka Kasenga. Mama mfupi, rozari shingoni. Hakumkaripia mkwe. Alimnawisha uso kwa maji yenye unga, akamfunga ushanga mweupe mkononi, akasali. Halafu akaangalia ndani ya kasha. Mnyama alikuwa kijani, kijinga, anatafuta panzi.

"Hii sasa ni kinyama tu, mwenye alikuwamo ametoka," alisema. "Mumupeleke ku majani. Sasa miye natoka inje, nageuka mugongo, naita mutoto wangu. Mutu asijibu. Kukiwa kimya, amekwenda, na mimba itabakia. Akijibu, njo amebaki, na mimba njo itakwenda."

Wote wakakaa salon. Floribert alishika mkono wa bibi yake. Jua lilikuwa kali nje.

"Léa!"

Kimya.

"Léa, we mwana!"

Kimya. Floribert akaanza kutabasamu, machozi yakimtiririka. Ngalula naye alitaka kutabasamu, lakini midomo yake ilikuwa mizito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Léa!"

"Mukwai, mayo!"

Ndivyo Wabemba wanavyomuitikia mama. Ngalula, wa Kasai, asiyejua hata kuamkia kwa Kibemba, aliisikia sauti hiyo kubwa ikitoka kinywani mwake. Floribert akauachia mkono wake.

Kule nje Mama Chama hakugeuka. Aliuliza kwa sauti ya kubembeleza:

"Mwana wangu, na ule mutoto wa mu tumbo, utamuacha azaliwe?"

Ngalula akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akabana kwa nguvu. Jibu la Léa lilikuwa tayari linapanda kooni mwake.