Tochi ya Shoti

Siku za shule Salome alipoamka, mama yake, Grasiana, alikuwa ameshavaa ovaroli na kufunga kilemba. Mama alifanya kazi korona, yaani kwenye kiwanda cha kusindika mkonge, na zamu yake ilianza mapema. Salome alikunywa chai, akafagia mlangoni, kisha akampitia rafiki yake Raheli, aliyekaa nyumba ya nne kwenye mstari huohuo wa nyumba za kambi pale Ngombezi. Wote wawili walikuwa darasa la saba. Hadi shuleni ulikuwa mwendo wa dakika arobaini, na karibu nusu ya njia ilipita katikati ya shamba la mkonge.

Nusu hiyo ndiyo iliyomnyima raha. Miezi miwili sasa, kijana mmoja wa bodaboda aitwaye Clinton alikuwa akiwasubiri kwenye njia panda ya shamba. Mwanzoni aliwaambia wapande awapeleke bure. Walipokataa, akaanza kuwazibia njia kwa pikipiki. Wiki moja alimnyang'anya Salome daftari la hisabati akalishika juu, akitaka kwanza amwambie anakaa nyumba ipi.

Salome hakunyamaza. Alimwambia mwalimu wa zamu, Mwalimu Yordani. Mwalimu alikuwa akisahihisha mitihani, hata kalamu hakuiweka chini.

"Nyinyi mkipita bila kuchekacheka naye, atawasumbua kwa lipi?" alisema.

"Hatucheki naye, mwalimu."

"Basi piteni barabara kuu."

Wakapita barabara kuu. Wakachelewa siku tatu mfululizo, wakaadhibiwa kufyeka uwanja. Siku ya nne Clinton akawafuata hukohuko barabarani, nao wakairudia njia ya shamba.

Salome akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Hiza. "Shikamoo mzee," alisema, akaeleza yote. Mzee Hiza akaahidi kuongea na kijana, na kweli akaongea naye. Kesho yake Clinton aliwasubiri akitabasamu.

"Kumbe mnanishtaki kwa mwenyekiti," alisema. "Haya, mwenyekiti yuko wapi hapa?"

Siku hiyo shuleni Salome hakusikia hata neno moja la somo la sayansi. Aliona watu wazima aliowaambia walikuwa wamempa shauri au ahadi tu, na bado yeye ndiye aliyetakiwa kuhama njia. Nyumbani, mama alisikiliza akiwa amechoka, akasema atamtafuta huyo kijana siku ya mapumziko. Siku ya mapumziko wafanyakazi wa korona wakaitwa kazini.

Mwisho wa mwezi Salome alikwenda Handeni kumsalimia dada yake, Janeth, aliyekuwa na kibanda cha nguo sokoni. Alimsimulia wakiwa wanakunja mashati. Janeth akaliweka shati chini, akatoa kwenye mkoba wake tochi nyeusi, nzito, yenye meno mawili ya chuma mbele. Alipobonyeza kitufe cha pembeni, cheche za buluu zilirukaruka kati ya meno yale kwa mlio wa kutisha.

"Inapiga shoti," alisema Janeth. "Mimi natembea nayo tangu waliponipora simu. Chukua hii, nitanunua nyingine kwa machinga."

"Inaruhusiwa, dada?"

"Inauzwa mchana kweupe. Ingekuwa imekatazwa, ingeuzwa? Ila usimwambie mama."

Jumatatu Salome alitembea na tochi ile ndani ya begi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuogopa njia panda. Alimwonyesha Raheli, akamweleza ilikotoka. Raheli hakuipenda. "Ukimuua je?" aliuliza. Salome akamjibu kwamba haiui, ingawa hakuwa na uhakika.

Alhamisi Clinton alishuka kwenye pikipiki, akashika mkanda wa begi la Raheli na kumvuta. Raheli akapiga kelele. Salome hakufikiri. Aliichomoa tochi, akaibana kwenye mkono wa Clinton na kubonyeza. Clinton alikakamaa, miguu ikaishiwa nguvu, akaangukia mkonge. Ncha ya jani, ngumu kama sindano, ilimchana juu kidogo ya jicho. Alilala pale akitetemeka, damu ikimtiririka usoni. Wasichana wakakimbia bila kugeuka nyuma.

Kipindi cha pili kilikuwa hakijaisha Salome alipoitwa ofisini. Akapelekwa kituo cha polisi Korogwe pamoja na Raheli. Clinton alikuwa nje kwenye benchi na bandeji usoni, amezungukwa na wenzake wa kijiweni. Walimtazama Salome kana kwamba yeye ndiye mhalifu. Mama yake alikuwa ndani, bado na ovaroli iliyolowa maji ya mkonge, ameinamisha kichwa.

Askari wa dawati la jinsia na watoto alikuwa mwanamke wa makamo, Koplo Getruda. Alikuwa ameshamsikiliza Raheli peke yake. Tochi, iliyotolewa kwenye begi la Salome, ilikuwa mezani.

"Clinton anasema mlimtukana, kisha ukampiga kwa silaha," alisema. "Na wewe unasemaje?"

Salome alieleza yote: njia panda, daftari, mwalimu, mwenyekiti. Alipofika kwenye tochi, akamfikiria dada yake.

"Niliiokota shambani," alisema.

Koplo Getruda akaandika polepole. "Hao uliowaambia, kuna aliyeandika popote?"

"Hakuna." Sauti ya Salome ilipanda. "Miezi miwili nasema, hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Yeye amesema asubuhi moja tu, nimeshaletwa hapa."

"Salome," mama alimwonya.

"Mwache, mama, ana haki ya kukasirika," alisema Koplo Getruda. Kisha akaweka kalamu chini. "Sasa nisikilize, mwanangu. Clinton ana jeraha. Wewe una maneno yako tu. Nikiyapeleka mbele, watu watauliza kama unasema kweli. Wewe na mwenzako mmesema yaleyale kuhusu kila kitu, isipokuwa tochi hii. Mmoja wenu amenidanganya. Na mtu akidanganya kwenye tochi, nani atamwamini kwenye njia panda?"

Salome alitazama sakafu. Akisema kweli, dada yake angeingia matatani. Asiposema, Clinton angetoka pale akiwa mshindi, na kesho angerudi njia panda. Hasira ilimjaa hadi machozi yakatoka. Kwa nini kila upande yeye ndiye alipe?

"Nilipewa na dada Janeth," alisema mwishowe. "Alitaka kunisaidia."

Mama aligeuka akamtazama. Alitoa simu akampigia Janeth.

Janeth alifika na basi la mchana kutoka Handeni, amekasirika hata kabla ya kukaa.

"Afande, mimi nifunge kibanda changu nitembee mikono mitupu?" aliuliza. "Mimi ndiye niliyeporwa, si mwizi. Na kitu chenyewe kinauzwa sokoni kama ndizi."

"Kuuzwa sokoni si kibali," alijibu Koplo Getruda. "Kifaa cha kumpiga mtu shoti si tochi tena, ni silaha. Raia hajiamulii mwenyewe kubeba silaha. Ukikutwa nayo njiani unaweza kushtakiwa, hata kama hujamgusa mtu. Haki ya kujitetea unaposhambuliwa, sheria inaitambua, na ndiyo maana naandika kwamba Clinton alimvuta Raheli. Lakini kubeba silaha kuna maswali yake. Na hii ulimpa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Yule angeangukia jicho, leo tungezungumza mengine."

Janeth aliandikisha maelezo na kumtaja aliyemuuzia. Tochi ikabaki kituoni, naye akatakiwa kuripoti kila wiki hadi uamuzi utakapotolewa. Alipotoka, alimpita Salome bila kumuaga, na jambo hilo lilimuuma Salome kuliko yote ya siku ile.

Kesho yake Mzee Hiza aliitwa. Alikiri kwamba msichana alimwendea, na kwamba yeye alidhani maneno yangetosha. Mwalimu Yordani naye alikubali, kwa shida, kwamba aliambiwa. Maneno yao yalilingana na ya Salome. Baada ya wiki mbili Clinton alifikishwa mahakamani kwa kuwasumbua watoto wa shule, na Salome hakushtakiwa. Janeth alipewa onyo kali, na Jumapili moja akapiga simu kuongea na Salome. "Usingesema kweli, tungeumia wote," alisema, akauliza habari za masomo.

Wazazi wa kambini wakapangiana zamu ya kuwasindikiza watoto asubuhi. Koplo Getruda alikuja shuleni kuzungumza na wanafunzi. Alipomaliza, Salome alinyoosha mkono.

"Afande, kwa hiyo ilibidi mtu aangukie mkonge ndipo mtusikilize?"

Walimu wakatazamana.

"Hapana, haikupaswa," alijibu Koplo Getruda. "Hilo ni kosa letu watu wazima, na mbele yenu nakubali. Lakini angalia kilichotokea. Ulipotumia silaha, kesi ikawa yako, si ya Clinton. Uliposema kweli, hata ile iliyokuumiza, ndipo kesi ikarudi kwa mwenyewe. Mtu akiwasumbua, semeni. Asiposikia wa kwanza, nendeni kwa wa pili, na wa tatu awe polisi. Msiondoke kituoni hadi yaandikwe na mpewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Na msiongeze wala kupunguza neno, kwa sababu siku nyingine ukweli wenu peke yake ndio utakaowalinda."

Mwalimu Yordani alisimama. Alisema kuanzia siku hiyo angeweka daftari la malalamiko, na kwamba angeandika yeye mwenyewe. Kisha akamgeukia Salome mbele ya shule nzima.

"Ulinieleza nikiwa na kalamu mkononi," alisema, "na sikuandika. Nisamehe."