Mansour na Kurasa Thelathini na Mbili

Mwaka 2003 mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na ndugu yangu Mansour alikuwa na sita. Tulikaa Gulfton, upande wa kusini-magharibi wa jiji la Houston, katika nyumba za kupanga zilizobanana mlango kwa mlango. Chini yetu waliishi watu wa El Salvador, mbele yetu Wasomali, na kila asubuhi harufu za vyakula vya nchi zote hizo zilikutana kwenye ngazi. Watoto wenzetu walipokwenda kupanda basi la shule, sisi tulibaki. Tulisomeshwa nyumbani, na mwalimu wetu alikuwa Mama.

Mama yangu, Badria, ni mtu wa Mombasa. Wakati ule alifanya kazi ya zamu ya usiku hospitalini. Alirudi saa mbili asubuhi, akanywa chai ya maziwa na mahamri mawili, halafu akatusomesha mpaka adhuhuri. Baada ya kuswali ndipo alipolala. Nguvu zile alizipata wapi? Mpaka leo nikikumbuka nabaki kushangaa. Baba, Hemed, aliendesha teksi na hakurudi mpaka jioni, kwa hiyo kuanzia saa nane mchana mpaka saa tisa mwalimu wa Mansour nilikuwa mimi, Yumna.

Kazi yangu haikuwa kubwa. Asubuhi Mama alimfundisha hesabu na mengineyo, kusoma akaniachia mimi. Mansour alikuwa na kitabu chake cha kwanza cha Kiingereza, chenye kurasa thelathini na mbili, kila ukurasa una picha moja na sentensi mbili. Mama aliniagiza nimwache aunganishe sauti za herufi mwenyewe, nisimtajie neno mpaka ajaribu mara tatu. Akimaliza ukurasa, niweke alama ya tiki kwenye daftari.

Nitasema kweli, maana hadithi hii haina faida nikificha. Nilichoka siku ya tatu tu. Mtoto anavuta sauti moja, anasahau, anarudi mwanzo, anachezea soksi, na mimi kitabu changu cha maktaba kinaningoja. Nikaona njia ya mkato. Nilimsomea ukurasa mara moja, akaurudia mara mbili bila kukosea hata neno, nikaweka tiki, mambo yakaisha kwa dakika tano.

Na Mansour hakuona ajabu. Tangu ana miaka minne alikwenda madrasa kila Jumamosi, na maalim aliwasomesha kwa mdomo: yeye anasoma, watoto wanafuatiza, mpaka sura inakaa moyoni. Ndugu yangu alikuwa amehifadhi sura ishirini kabla hajaijua alifu. Kwetu hiyo ni fahari, na ni fahari kweli. Basi alipokishika kile kitabu cha Kiingereza na kukisoma mfululizo, nani angeuliza? Baba alitoa machozi, akawahadithia madereva wenzake wote. Mama alisema mashallah, akanigeukia akasema sifa ni za dada mtu. Nikazipokea zile sifa zote, wala hazikunikaba.

Kisha Mama akaanza kutafuta programu ya mwaka wa pili. Meza yetu ya chakula ilijaa katalogi. Programu moja ilifundisha kusoma kwa sauti za herufi, nyingine kwa kuyatazama maneno mazima na kuyakariri, ya tatu ilichanganya hadithi, imla na sarufi, na zote zilijisifu kuwa hazina mfano. Jumamosi kulikuwa na maonyesho ya vitabu kwa familia zinazosomesha nyumbani. Mama alikusudia kununua seti mpya huko, na kile kitabu cha kwanza pamoja na kadi zake za sauti ampe jirani, kwani Mansour amekwisha kuvuka.

Siku ya Jumatano, Mama amelala, mimi nilikuwa nasoma kitabu changu chenye kurasa mia tatu. Mansour alikuja akaketi karibu. Alinitazama muda mrefu, macho yake yakifuata kidole changu. Sisi wawili tulizoea kusemezana kwa Kiingereza, lakini siku ile aliniuliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayeuliza jambo zito.

"Dada, nani alikwambia maneno yote haya?"

Nikamjibu kwamba hakuna aliyeniambia, nayasoma tu. Akacheka, akidhani namtania. Kwa akili yake, kila anayesoma amesomewa kwanza na mtu, na mtu huyo naye amesomewa na mwingine. Alistaajabu jinsi nilivyoweza kuhifadhi kitabu kinene namna ile. Halafu kicheko kikamwisha. Akaniuliza, huko kwenye kitabu kipya ikiwa mimi sitakuwapo, yeye atajuaje?

Ndugu yangu hakuwa akijua kusoma ni nini, na aliyemficha ni mimi. Jumamosi angepewa kitabu ambacho hangeweza kukifungua, na kile ambacho kingemsaidia kingekwenda kwa jirani. Nilitaka kumwambia Mama wakati wa chakula cha jioni, lakini Baba alianza tena kumsifu Mansour, nikaufyata. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilibaki siku moja tu.

Alhamisi alitutembelea Mwalimu Bertila kutoka Pearland. Mama alifahamiana naye hospitalini, ambako binti wa Bertila alikuwa muuguzi. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza Moshi kwa miaka thelathini, na sasa aliwasomesha wajukuu zake nyumbani. Mama alimwita amshauri achague programu gani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaweka miwani, akasema kabla ya kuzitazama hizo katalogi angependa kumsikia mtoto.

Mansour alisoma kurasa tano, sauti yake inapanda na kushuka vizuri kabisa. Mama alikuwa anatabasamu. Mwalimu Bertila alifungua ukurasa wa kumi na nne, akachukua bahasha, akaifunika picha.

Mansour akaitazama bahasha, kisha akanitazama mimi.

Nilijua anachosubiri. Neno moja tu lilimtosha. Ningelitamka kwa midomo bila sauti, na ukurasa mzima ungemfuata. Mama alikuwa anatazama kitabu, asingeona. Midomo yangu ilikwisha funguka. Lakini niliyaona macho ya yule mtoto, yanavyoniamini, nikashindwa.

"Mama, hajui kusoma," nikasema. "Mimi nimemsomea vyote. Zile tiki zote ni za uongo."

Mama hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Aliketi polepole, mkono juu ya katalogi, akaniuliza ni tangu lini. Nikasema tangu siku ya tatu. Nikaanza kulia, Mansour naye akalia kwa kuniona mimi ninalia, ingawa hakujua kosa ni lipi.

Mwalimu Bertila ndiye aliyetutoa pale. Alimfuta Mansour machozi, akakifunga kitabu, akamwomba aseme chote anachokikumbuka. Mansour akafumba macho. Akaanza ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaenda mpaka wa thelathini na mbili, hata pale pa kufungua ukurasa alinyamaza kidogo. Tulisahau hata kulia. Mwalimu alivua miwani akasema katika miaka yake yote, na watoto themanini darasani, hajapata kuona sikio la namna hii.

"Badria, usitafute programu ya macho," alimwambia Mama. "Mtoto huyu mlango wake ni sikio. Mfundishe sauti. Na mwanzishe kwa Kiswahili, maana anakijua kwa mdomo na herufi zake hazibadiliki sauti. Kiingereza kitafuata. Hamna haja ya kununua seti, lugha mnayo tayari ndani ya nyumba."

Akageuza katalogi moja, akaandika nyuma yake ma, me, mi, mo, mu. Akaandika na za, ze, zi, zo, zu. Mansour alizifuata sauti zile mara moja, maana kwa sauti ndiko kwake. Baada ya nusu saa Mwalimu aliandika silabi mbili pamoja bila kuzisoma. Mansour akavuta ya kwanza. Akavuta ya pili. Akaziunganisha kwa kunong'ona. Kisha, polepole, akanyoosha mkono akaigusa meza.

Sijui nilieleze vipi lile. Mansour aliitazama karatasi, akaitazama meza, akarudi kwenye karatasi, mdomo wazi. Mama alijifunika uso kwa mtandio.

Jioni nilitakiwa kumweleza Baba mwenyewe, kwa mdomo wangu. Kwake pia palikuwa pagumu, kwani alikuwa amekwisha jisifu mji mzima. Jumamosi Mama hakwenda kwenye maonyesho. Nilizifuta zile tiki moja moja, nikaanza na Mansour upya, na safari hii alipokwama nilikaa nikangoja. Kungoja ni kazi ngumu. Siku nyingine tulimaliza neno moja tu.

Baada ya miezi minne ilifika barua ya Bibi kutoka Mombasa. Mama alimkabidhi Mansour bahasha ikiwa bado imefungwa. Alisoma kwa shida, sentensi ikikatika katikati, na mimi niliibana midomo yangu. Bibi aliandika kwamba paka wake amezaa watoto wanne, watatu weusi na mmoja mweupe, na yule mweupe, kwa vile hasinzii ila anatazama kila kitu, amempa jina la Mansour.

Alipofika hapo akasimama. Akarudia mstari. Akatuangalia sote, Baba, Mama na mimi, akatambua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na habari ile isipokuwa yeye.

Mama akanivuta karibu. "Kumpa mtu jibu ni rahisi, mwanangu," akaniambia, "na kesho atakuja tena akuombe jingine. Ukikubali kumngoja, na ukasema kweli anapokuwa hajui, unampa kitu ambacho wewe wala mimi hatuwezi kumnyang'anya."

Nikataka kuichukua barua niione. Mansour akaificha nyuma ya mgongo. Alisema tutulie kwanza, bado hajamaliza kutuambia.