Sukari Iliyoruka Usingizini

Jumatano, tarehe 11 Machi 1981, saa moja na robo asubuhi, mtunza stoo Jamali alifungua duka la ushirika la mtaani kwao Temeke, kisha akatoka mbio akipiga mayowe. Magunia sita ya sukari hayapo. Foleni iliyokuwa nje tangu alfajiri ikapiga mayowe kumzidi.

Sajini Kokuberwa alifika saa mbili. Kufuli lilikuwa zima. Nondo za dirisha, nzima. Nyuma ya duka palitandikwa mkeka na mto juu yake. Akadai daftari la kupokelea mizigo, akasoma: sabuni, Jumanne 24 Februari, vitenge, Jumatatu 2 Machi, sukari, Jumatatu 9 Machi. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja ulining'inia kiunoni mwa Jamali. Wa pili ulikuwa wa mwenyekiti, mzee Nasser, ambaye alikwenda msibani Tanga tangu Jumamosi, akauacha ofisi ya tawi ndani ya bahasha iliyopigwa muhuri. Kokuberwa aliikuta bahasha haijaguswa.

"Basi ni wewe," alimwambia Jamali.

"Afande, ufunguo ninao, sikatai. Lakini mlinzi yupo usiku kucha. Muulize kama ameniona."

Kabla hajamuuliza mlinzi, foleni ikamletea mwizi wake: Margareta, muuza maandazi. Temeke nzima inakunywa chai bila sukari, yeye maandazi yake matamu! Margareta hakungoja kuulizwa.

"Onja, afande! Maji ya miwa hayo, nakamua mwenyewe mpaka mikono imeota sugu. Ukikuta punje ya sukari humo, nifunge pamoja na karai langu!"

Kokuberwa alitafuna. Ilikuwa miwa kweli. Akamwachia, akarudi kituoni na hasira zake.

Saa nne mlinzi akajileta mwenyewe. Alikuwa mzee Gregori, mtu wa Masasi, rungu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nifunge, mwanangu. Sukari nimeichukua mie."

"Umeipeleka wapi?"

"Sijui. Nimeichukua kwa ndoto."

Kokuberwa akaweka kalamu chini.

"Mie nikiota, inakuwa," Gregori alisema. "Nina uwezo. Alhamisi ile ya tarehe 26 niliota sabuni, Ijumaa ikauzwa. Jumatano iliyopita nikaota vitenge, Alhamisi foleni ikafika barabarani. Jana usiku nimeota sukari inaruka kama kunguru. Asubuhi haipo."

"Magunia sita yameruka."

"Saba. Moja nadhani lilirudi."

"Mzee, kuna mtu alipita mlangoni?"

"Hata paka. Naapa."

"Ungemwonaje, nawe ulikuwa umelala?"

"Silali. Naota."

"Utaotaje bila kulala!" Kokuberwa alipiga meza. "Unajua mwizi wa mali ya umma anafungwa miaka mingapi? Utazeekea ndani, mkeo Rosalia akuletee uji mpaka miguu imwishe."

"Mwenye uwezo haogopi jela. Andika."

Akaandika, maana sheria ni sheria. Gregori akatia dole gumba kwa furaha, kama mtu anayepokea cheti. Mkuu wa kituo naye akafurahi: kesi imekwisha, saa tisa mzee apelekwe mahakamani. Kokuberwa peke yake ndiye aliyebaki amenuna. Kuwatafuta wezi alikuwa amezoea. Kumzuia mtu asijipeleke jela kwa miguu yake, hilo hakufundishwa chuoni.

"Mzee, nani alikwambia una uwezo?"

"Jamali. Kila asubuhi huniuliza nimeota nini. Mie naota vingi, mbuzi, mvua, marehemu mama. Yeye ndiye anayejua ipi itakuwa."

"Na mkeka?"

"Kanipa yeye. Anasema ndoto ya mlangoni hukatwa na upepo. Ya nyuma ya duka ndiyo hushika."

Kokuberwa akainuka bila kuaga, akachukua Landrova.

Saa nane u nusu alikuwa amerudi, Jamali na Gregori wamekaa mbele yake.

"Jamali, sabuni iliingia Jumanne. Mzee kaiota Alhamisi. Siku mbili umeikalia stoo, unasubiri aitaje. Vitenge vivyo hivyo. Kwa nini mtunza stoo ahangaike kumfanya mlinzi mtabiri?"

Jamali akaushika ufunguo wake kiunoni.

"Kwa sababu mlinzi anayeota ni mlinzi aliyelala. Tena nyuma ya duka, mbali na mlango."

"Hayo maneno tu, afande."

"Nimetoka Kibamba, kwenye nyumba unayojenga. Fundi wako anasema mabati yameshushwa alfajiri ya leo. Lori limemwaga sukari uani, sisimizi bado wanaisomba. Umebadilisha sukari kwa mabati."

Jamali akafumba macho. "Watoto watano wananyeshewa! Miaka mitatu naomba kibali cha bati, kila ofisi njoo kesho. Huyu mzee mie sikumuumiza. Alifurahi. Kabla yangu nani alikuwa anamsalimia?"

"Na ungemwacha afungwe?"

Jamali akaufungua ufunguo kiunoni, akauweka mezani. Askari wakamwondoa.

Kokuberwa akaikata ile karatasi ya Gregori kwa mstari mmoja mrefu. "Nenda nyumbani, mzee."

Gregori hakuinuka. "Kwa hiyo sabuni ilikuwamo ndani."

"Ilikuwamo."

"Na vitenge?"

"Mzee, nenda!"

Gregori alijifuta wino wa dole gumba kwenye suruali, taratibu, mpaka ukaisha.

"Nimelala kazini, afande," alisema. "Hilo nimelifanya kwa uwezo wangu mwenyewe. Niandikie hilo."

Kokuberwa akashusha pumzi, akavuta karatasi nyingine.